Mke Wangu Kwenye Kabati la Joto

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi na mimi nimeanza daftari hili. Profesa amenipa sharti moja: nikiona kazi hii inanikaba kooni niliandikie daftari, nisimwendee jirani. Nimemwambia sawa. Ningemwambia sawa hata kama angetaka nitembee kwa mikono.

Mimi ni fundi wa maabara, huu mwaka wa thelathini na moja, na kazi yangu ni kulea seli. Watu wakisikia hivyo hudhani nawatania. Seli inalelewa kama kitoto. Inakaa kwenye chupa bapa ndani ya kabati lenye joto la mwili, inakunywa lishe ya rangi ya waridi, ukiisahau siku tatu inanuna, ukiisahau wiki imekwenda.

Kwenye kabati sasa kuna chupa tatu ambazo si kama nyingine. Ya utepe wa bluu ni mimi. Ya kijani ni mke wangu. Ya njano ni binti yetu.

Mke wangu amefariki, huu mwaka wa pili. Ilianza miguu kukakamaa, ikafuata mikono, mwisho pumzi. Mama mkwe alikwenda vivyo hivyo. Kabla hajaondoka alitoa kipande cha ngozi kama punje ya mchele, tukakuza seli zake tukazigandisha. Vinasaba vya damu yake vilisomwa mara tatu, kosa halikuonekana. Lilionekana ndani ya seli zake tu, na sharti uzitazame zikiwa hai.

Seli ina kiunzi chake, nyuzi na mirija myembamba inayoishikilia isiporomoke. Mirija hiyo ndiyo barabara pia. Juu yake wanatembea wachukuzi, protini zenye kama miguu miwili, wakibeba mizigo kutoka katikati kwenda pembeni. Mzigo mkubwa ni mitokondria, ambazo mimi naziita majiko kwa kuwa ndizo zinazopika nguvu ya seli. Kwa mke wangu wachukuzi walikuwa wakianza safari, halafu wanasimama. Majiko yote yakarundikana kukizunguka kiini, huku kwenye kingo hakuna kitu.

Binti yetu ana miaka ishirini na sita. Mwezi uliopita alijikwaa mara mbili kwenye ngazi anazozipanda tangu utotoni. Harusi yake ni Julai, na ameniambia bila kuzunguka: "Baba, kama ninao, siolewi. Simtaki mtu aniuguze kama ulivyomuuguza mama." Kwa hiyo ametoa ngozi. Tutakuza seli zake, tutazipaka rangi inayong'aa, tutatazama majiko yanatembea au yamekaa. Za mama yake ni mfano wa ugonjwa, zangu mfano wa uzima.

Profesa alisita kunikabidhi familia yangu mwenyewe, lakini fundi mwingine wa kulea seli hatuna. "Mzee, ukishindwa sema," aliniambia. Nikamjibu kwamba kulisha watu sijawahi kushindwa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimelisha. Mvua.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimewatazama wote watatu. Mimi nimejaa chupa nzima, mbishi kama kawaida. Seli zangu zina kasoro ndogo ambayo Profesa huitumia kunicheka: kiini kimebonyea upande mmoja, kama embe lililoanguka. Hakidhuru chochote. "Hata kiini chako kimekunja uso, Mzee," husema.

Binti anakua taratibu. Nimegandisha vichupa viwili vyake vya akiba, kama tunavyofanya kwa kila mgeni.

Mke wangu yuko kama nilivyomwacha. Seli chache, moja huku, moja kule, zimejikunyata. Nilikaa kwenye hadubini kuliko inavyohitajika, halafu nikasikia mdomo wangu unasema, "Umeamkaje?" Nikageuka haraka kuona kama kuna mtu mlangoni. Hakukuwa na mtu.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua haijapumzika. Ukuta wa korido umeanza kutoa jasho.

Jumatano, 19 Machi

Umeme umekatika tangu juzi na jenereta inabeba kabati na majokofu tu. Gari la lishe limekwama njiani, barabara imechukuliwa na maji. Imebaki chupa moja ya lishe.

Kanuni iko ukutani, kwa mwandiko wangu mimi: kila mtu na chupa yake ya lishe, kila mtu na pipeti yake, kile kijirija cha kunyonyea na kumiminia. Seli moja ikidandia pipeti inahamia kwa jirani, na hakuna jicho litakaloiona ikihama. Vijana wa mafunzo nimewafokea kwa hilo mpaka wengine wamelia.

Leo nikaitazama ile chupa moja, nikawatazama wale watatu. Nikasema moyoni, si ni familia moja? Nikawalisha kwa chupa ile ile na pipeti ile ile, nikianza na yangu kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mbele, kisha mke wangu, kisha binti. Mara ya mwisho kula sisi watatu pamoja ni kabla mama yake hajashindwa kushika kijiko. Nimefurahi, sitaficha.

Jumatatu, 24 Machi

Lishe imefika. Tumekula chungu kimoja siku tano.

Jumapili, 30 Machi

Binti amekuja kunipikia. Kikombe kimemponyoka jikoni. Tulikitazama pale chini, kila mmoja akisubiri mwenzake aseme.

"Kilikuwa na mafuta," akasema.

"Kilikuwa na mafuta," nikaitikia.

Ametaka kujua lini. Nimemwambia, "Mwezi wa tano, mama." Namwita mama kwa sababu ana jina la mama yangu. Ameokota vigae kimoja kimoja na alipomaliza mikono ilikuwa inamtetemeka, lakini hata yangu ingetetemeka.

Ijumaa, 4 Aprili

Kuna jambo kwenye chupa ya kijani.

Lishe yake ilikuwa ikikaa na waridi wake siku nne, tano. Tangu Jumanne inageuka rangi ya chungwa kwa siku moja, maana yake anakula. Mtu aliyekuwa akinisukumia mkono nikimpa uji, leo anakula kuliko mimi.

Nimemtazama. Seli ni nyingi, ndefu, zimenyooka. Nyingine inatupa mbele kitu kama wayo mpana, nyuzi za kiunzi zinausukuma kwa ndani, wayo unashika sakafu ya chupa, halafu mwili wote unajivuta na kuufuata. Kwa hadubini ya picha za mfululizo unaona wazi: anatembea. Na zote zimelala upande mmoja, zimeelekea mlangoni ninapoingilia.

Najua seli zikijaa hupangana hivyo, na upande huwa wowote. Hata hivyo chupa nimeigeuza kabla sijaondoka, na nimetoka bila kugeuka nyuma.

Jumatatu, 7 Aprili

Tena zimelala kuelekea mlangoni. Sikumbuki kama Ijumaa niliigeuza kweli au nilitaka tu.

Jumatano, 9 Aprili

Nimefanya lisilo kwenye ratiba. Nimechukua seli chache za kijani, nikazipaka rangi, mirija kijani, majiko mekundu. Nilitaka kuona kidogo tu.

Majiko yanatembea! Yanatoka kwenye kiini moja moja, yanapanda mirija, yanakwenda, hayasimami, yanafika mpaka ukingoni. Moja lilisita katikati na moyo wangu ukasita nalo, halafu likaendelea. Nimelia pale pale, glavu zikiwa mkononi, nisiweze hata kujifuta.

Mke wangu amepona. Najua kilivyo kichaa kuandika hivyo. Nimeandika.

Jumatatu, 14 Aprili

Shemeji, mdogo wake marehemu, amekuja maabara mchana amelowa chapachapa. Najua sharti la Profesa. Lakini nimwambie nini? Dada yake anatembea na nimnyime kuona?

Nimemweka kwenye hadubini. Akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, hujambo?" Akaendelea kutazama. Kisha akainua uso.

"Shemeji, huyu ni nani?"

"Dada yako, nani tena."

"Dada hakuwa hivi."

"Wewe uliwahi kuiona seli ya dada yako wapi?"

"Sijui mambo ya seli mimi," akasema. "Nakwambia tu nimemsalimu na nimejisikia kama nimeingia chumba cha mtu mwingine." Akachukua mwavuli wake. Hakutaka hata chai. Amenikera siku nzima, na nimeandika hapa ili nikome kumfikiria.

Alhamisi, 17 Aprili

Chupa ya njano nayo imejaa. Nimepaka, nimetazama. Majiko ya binti yangu yanatembea mpaka pembeni, yote, bila wasiwasi.

Kipimo rasmi ni mwezi wa tano na mwenye kusema ni Profesa. Nimempigia binti simu kabla sijavua koti la kazi. "Mama, huna." Alipiga kelele mpaka nikaisogeza simu. Nikamsikia anamwita mchumba wake, nikasikia viti vinaanguka, wanacheka, wanalia. Nimekula chakula cha leo kwa hamu, nikaongeza.

Jumanne, 22 Aprili

Profesa amepitia chupa zote. Kwenye ya njano ametabasamu. Kwenye ya kijani tabasamu limemwisha.

"Hii imeanza lini?"

"Kama wiki tatu hivi."

"Mzee, mgonjwa haponi kwenye chupa. Tumebadilisha nini? Lishe ile ile, joto lile lile." Amechukua sampuli za chupa zote mbili, ya kijani na ya njano, azipeleke kupimwa ni za nani hasa. Majibu wiki mbili. Nimemsaidia kufunga vizuri na kuandika lebo, na mkono wangu haukutetemeka hata kidogo. Sijui kwa nini nimeona niandike hilo.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimeona.

Nilikuwa natazama kijani, seli moja iliyokuwa inajivuta kuja upande wangu, wayo mbele, kiini nyuma. Ikapinda kidogo. Kiini kilikuwa kimebonyea upande mmoja.

Nikatafuta nyingine. Kimebonyea. Nyingine. Nikahesabu hamsini, na arobaini na tisa zilikuwa na uso wangu. Ile moja iliyobaki ilikuwa imejikunyata pembeni, majiko yake yamerundikana katikati, na pande zote seli zangu zimeibana. Huyo ndiye mke wangu. Wiki tatu nimemwita, nimemwamkia, nimemletea mdogo wake amsalimu, na aliyekuwa ananitazama muda wote ni mimi. Nimeingia kwa pipeti nikakaa nyumbani kwake, nikala lishe yake, nikamsukuma mpaka ukutani. Niliifunika hadubini kwa kitambaa kana kwamba itanisemesha.

Kisha nikaichukua ya njano. Nilikaa nayo mkononi sijui kwa muda gani, mpaka lishe ikapoa, jambo ambalo ningemfokea mtu. Nikatazama. Hata huko nimo. Nimejaa.

Kwa hiyo majiko yaliyotembea mpaka pembeni yalikuwa yangu. Kuhusu binti yangu sijaona kitu bado.

Jumamosi, 26 Aprili

Binti amenitumia picha ya kitambaa cha gauni la harusi.

Jumatatu, 28 Aprili

Sijasema.

Nilifika mapema nimejiandaa. Profesa akaniuliza habari za nyumbani, nikasema nzuri. Akaniuliza mbona macho mekundu, nikasema mvua. Mvua na macho wapi na wapi? Hakuuliza tena.

Najihesabia hoja. Labda hana ugonjwa, kwa hiyo nilichomwambia ni kweli hata kama nilikipata kwa njia ya uongo. Labda ninyamaze mpaka harusi ipite. Labda majibu ya sampuli yapotee, mambo hupotea. Kila hoja nikiigeuza naona imebonyea upande mmoja.

Nikikaribia kabati napata hisia kwamba chupa zile mbili zimeacha kufanya kitu fulani niliposhika mlango. Nimekuwa nabisha hodi. Mzee mzima, nabisha hodi kwenye kabati.

Jumatano, 30 Aprili

Vichupa vya akiba vya binti niligandisha tarehe kumi na moja Machi, siku nane kabla ya ujinga wangu. Humo ni yeye peke yake. Ukweli wake upo kwenye baridi, unasubiri tu mtu awe na moyo wa kuuyeyusha.

Nimeyeyusha kimoja. Pipeti mpya, lishe mpya, glavu nimebadilisha mara tatu. Chupa nimeiweka kabati jingine kabisa, mbali nami.

Jumapili, 4 Mei

Nimekwenda kwa binti. Nilitaka aisikie kwangu kabla ya karatasi ya mtu.

Nilimkuta anapanga orodha ya wageni mezani, mchumba wake amekaa sakafuni anaandika bahasha. Nikawaambia wote wawili. Nilianza na lishe iliyokwama, nikaja kwenye pipeti, nikaja kwenye kiini. Nilieleza vizuri, kama ninavyofundisha.

"Kwa hiyo zile zilikuwa zako," binti akasema.

"Zangu."

"Na mimi?"

"Sijui, mama. Tumeanza upya."

"Ulijua lini?"

Hapo ndipo nilipotamani kudanganya. "Ijumaa ya wiki iliyopita."

Akaiweka kalamu chini. "Jumamosi nilikutumia kitambaa. Ukaniandikia kimependeza."

"Ndiyo."

"Baba, unajua nimefanya nini wiki hizi mbili? Nimejikwaa mara nne. Nimejikwaa nikacheka, nikasema ni uzembe, baba ameniona ndani mpaka kwenye seli na kasema sina. Ningekuwa naogopa ningekuwa nimejiandaa. Umenifanya nicheke miguu yangu mwenyewe!" Sauti ilimpasuka. Mchumba akanyanyuka amshike, akamzuia kwa mkono. "Nenda nyumbani, baba. Tafadhali. Sikufukuzi, lakini nenda."

Nimerudi kwa miguu. Nimelowa mpaka mfupani na imenistahili.

Jumatatu, 5 Mei

Nimemwambia Profesa asubuhi. Majibu ya sampuli yamefika saa nne: chupa zote mbili, mwanamume, mtu yule yule. Ameisoma karatasi amesimama. Hakunifokea. Amesema tu, "Mzee, kanuni hii umeandika wewe," na amechukua funguo za kabati. Chupa zile mbili tumezimwaga pamoja, dawa kwanza, dakika kumi, kisha sinki. Nilisikia aibu kuona ninavyotoweka kwenye maji bila shida yoyote.

Alhamisi, 8 Mei

Naosha vyombo vya maabara. Seli sigusi.

Jumatano, 14 Mei

Mvua imepungua. Binti hapokei simu. Shemeji amepokea. Nilimwambia yote, akasema, "Basi nilikusalimu wewe." Akaanza kucheka, nami nikacheka, tukacheka vibaya mpaka mmoja wetu akawa analia, sijui nani.

Jumatatu, 26 Mei

Leo. Naandika nikiwa bado na koti.

Profesa alinitumia ujumbe jana: seli ziko tayari, majibu ya utambulisho yanasema ni mwanamke na ni yeye. Binti ameomba awepo wakati wa kutazama. Na ameomba niwepo.

Alikuja na mchumba wake, akiwa ameshika ukuta wa korido kidogo, kama anayetafuta swichi. Hakunisalimu kwa mdomo, alinigusa bega akipita. Jua lilikuwa limetoka na chumba cha hadubini kina joto, tulilazimika kufunga mapazia ili rangi ionekane. Profesa alirekebisha lenzi, akatazama muda mrefu, mgongo wake haukusema kitu. Kisha akasogea. "Tazama mwenyewe," akamwambia.

Binti akakaa, akainama.

"Nyuzi za kijani ndizo barabara?"

"Ndizo," Profesa akasema.

"Na haya mekundu ni majiko ya baba."

"Mitokondria. Ndiyo."

Mashine inavuma. Nikaona mkono wake umeshika ukingo wa meza mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Aliita bila kuinua uso, wala si Profesa aliyemwita.

"Baba, njoo uone. Haya yanatakiwa yaende wapi?"

Nikainama kwenye lenzi ya pili. Seli safi, changa, kiini cha mviringo kamili kisicho na bonyeo popote. Sijawahi kuona seli nzuri hivyo miaka thelathini na moja. Mirija imenyooka mpaka ukingoni, mitupu. Jiko moja likatoka katikati, likapanda, likaenda hatua kadhaa. Nilisubiri. Wote tulisubiri. Likasimama, na halikuendelea.

"Pembeni," nikasema.

"Mbona hayaendi?"

Profesa alifungua mdomo. Nilimuona kwa pembe ya jicho akiufunga tena, akiniachia mimi.

"Wachukuzi wanachoka njiani, mama. Unao. Ni ule ule wa mama yako."

Mchumba alitoa sauti ndogo, akaja kusimama nyuma ya kiti chake. Binti hakuinuka. Aliendelea kutazama, anapumua kwa mdomo, machozi yanadondokea kwenye chuma cha hadubini na hakuna aliyemwambia ayafute.

"Lakini huyu ni mimi," akasema. "Safari hii ni mimi kweli."

"Ni wewe."

Akanyoosha mkono nyuma bila kuangalia, akapapasa mpaka akalipata koti langu, akalivuta.

"Vuta kiti ukae. Nieleze yote, kitakachoanza na kitakachofuata, na mama alianzaje. Polepole. Na baba, usinifurahishe."

Nikavuta kiti nikaanza na miguu.